Picha Ambazo Wenyewe Hawakurudi Kuzichukua

Saa mbili asubuhi Mwamvua Ngusa anabana nyaya za kompyuta yake kwenye betri ya gari, anangoja. Umeme wa Kahama umekatika tangu juzi, na wa kuulizwa hayuko ofisini. Mara kioo kinawaka.

"Bibi ameamka," anasema juu ya kompyuta. "Ukimharakisha ananuna."

Kwenye benchi la studio ya picha ameketi Euphrasia, mama mtu mzima kutoka Biharamulo. Amefuata picha ya mwanawe Donatus, aliyefunikwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu mwaka jana. Mwili haukutolewa. Ukoo unataka kuanua matanga, mama amekataa. Ataanua nini, na hana kaburi wala hata picha?

Wakubwa walifika pale shimoni na magari yao, wakashika viuno, wakatangaza kwamba idadi ya waliokufa haijulikani kwa kuwa wachimbaji hawakusajiliwa. Kana kwamba asiyesajiliwa hana mama.

Mwamvua, aliyeishia darasa la saba, hupokea wateja hapa kwa mshahara wa shilingi elfu arobaini. Mchimbaji akipata chochote huja kupigwa picha, analipa nusu, filamu inapelekwa Mwanza kusafishwa. Filamu inarudi. Mwenyewe, wakati mwingine, harudi.

"Nilikuwa naziona zinanitazama tu," anasema. "Nikasema, ndugu zao wako nchi nzima. Niziweke kwenye intaneti."

Kompyuta, kuukuu ya kukunja, alipewa na Jinal, dada wa mwajiri wake, alipohamia ng'ambo. Tovuti Mwamvua anaiandika kwa mkono wake, mstari kwa mstari, kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Kurasa, pamoja na picha zilizoskaniwa Mwanza, anazihifadhi kwenye disketi, anapanda basi hadi Mwanza kwenye mkahawa wa intaneti, anazituma kwa kampuni ya ng'ambo inayotoa nafasi ya tovuti bure. Huko kwenye tovuti ndiko mtawa mmoja alikoiona sura ya Donatus, akampelekea mama habari.

Mwajiri wake, Jignesh, hachoki kumtania. "Wenzako wanashona vitambaa, Mwamvua. Wewe unashona nini humo?"

"Nashona watu, bosi."

Lakini masika haya paa la studio lilivuja, picha na negativu zikalowa zote. Zikabaki disketi tu, maana kompyuta ile kuukuu haina nafasi ya kuhifadhi picha. Ndipo akaja jirani, Hozefa, mnunuzi wa dhahabu, mkononi ana sumaku yake ya kunyonya mchanga mweusi wa chuma ili dhahabu ibaki peke yake.

"Nikamwambia mimi mwenyewe, weka hapo juu ya kopo, ukae upigwe picha," anasema Mwamvua. "Kopo lenyewe ndilo la disketi. Sumaku ikazifuta zote."

Sasa Donatus amebaki ng'ambo tu, na kampuni ile hufuta ukurasa usioguswa muda mrefu. Mwamvua hajafika Mwanza wiki nyingi. Daraja la barabara ya Mwanza lilichukuliwa na maji, na wahusika walikuja kulitazama, wakarudi kula posho zao.

"Na kama wameshamfuta?" anauliza Euphrasia.

"Mama, sitakudanganya. Hapo sina la kufanya."

Wanaondoka na lori la pamba, wanavuka maji kwa miguu, wanadandia jingine. Mwanza wanalala kwa ndugu. Asubuhi wako mbele ya kompyuta ya mkahawa wa intaneti, na Mwamvua anaandika anwani.

Ukurasa unafunguka. Picha inashuka polepole kutoka juu, kidogo kidogo: nywele, kisha paji la uso. Inakwama. Aliyefiwa anajua kwamba sura ndiyo hutangulia kukutoroka, usiku mmoja unaitafuta huipati.

Macho yanatokea.

"Ndiye," anasema Euphrasia. Hapigi yowe. "Mbona amekonda hivi? Alikuwa anakula wapi?"

Mwamvua ananakili kila sura kwenye disketi mpya, kisha anaomba ya Donatus ichapwe.

Mpango wake ni kulipia nafasi isiyofutwa. "Serikali ina makabati, haikuwaandika. Mimi nitawaandika," anasema. "Nikipata laini ya simu pale studio, sitangoja daraja la mtu."

Euphrasia anaifunga karatasi ndani ya khanga, anaibana kifuani. Anauliza lori la Biharamulo linaondoka saa ngapi.

"Nikifika nitawaambia wakamue ndizi," anasema. "Pombe ikiiva, tunaanua."