Ng'ombe Aliyetembea Kama Mama

Kazi yangu ni kutengeneza wanyama kwa kompyuta. Nikiwaambia watu hapa Voi hunitazama kwa huruma, maana wanyama wa kweli wako hapo tu ng'ambo ya reli, tena wengi, na mara nyingine huja wenyewe bila kualikwa. Lakini mnyama wa kweli hafuati maagizo. Mwongozaji mmoja wa vichekesho vya televisheni aligundua hilo alipokuwa akirekodi katika nyumba ya kukodi karibu na stesheni. Hadithi yake ilimtaka ng'ombe aingie sebuleni kwa mjane na kula barua ya mchumba kabla haijasomwa. Ng'ombe akaletwa. Barua hakuigusa. Alikula pazia, akaangusha taa, akaacha kwenye zulia kitu ambacho mwenye nyumba hakuhitaji kuelezwa.

"Ng'ombe mwingine haingii humu," mwenye nyumba akasema.

Ndipo nikapigiwa simu. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimetengeneza kuku mmoja tu, wa tangazo, tena alionekana kuanzia shingoni kwenda juu. Nikasema ng'ombe ni kazi rahisi.

Kwa vile ng'ombe angeongezwa baadaye, alihitajika mtu wa kushika nafasi yake ili mwigizaji ajue pa kuangalia. Mtu huyo nikawa mimi. Nilivaa ovaroli ya kijani, nikafungwa pembe za maboksi kichwani, nikaingia sebuleni kwa mikono na magoti. Mjane aliigizwa na mama mmoja wa makamo, aliyekuja Voi zamani kutoka magharibi mwa nchi na mumewe mfanyakazi wa reli. Hakuwa mtu wa mchezo.

"Mwanangu, mimi siwezi kuigiza na ng'ombe asiyekula," aliniambia. "Kula barua."

"Mama, ataila baadaye, kwenye kompyuta."

"Kula sasa."

Nikala. Ilikuwa karatasi ya daftari, ngumu kumeza kuliko nilivyodhani. Dirishani walikuwa wamejaa waendesha bodaboda, na mmoja akapaza sauti, "Ale na bahasha!" Mjane akaona ni wazo zuri.

Baada ya hapo nikajifungia na kompyuta. Ng'ombe akatokea, ngozi safi, unyoya mmoja mmoja, pua yenye unyevu. Akisimama ungetafuta ndoo umkamue. Akitembea, alikuwa watu wawili ndani ya gunia. Nikarekebisha magoti, akaanza kuchechemea. Nikaondoa kuchechemea, akaanza kukata kiuno.

Nikabeba kompyuta nikapanda milimani Werugha kwa mama, ambaye amefuga ng'ombe wa maziwa tangu kabla sijazaliwa. Aliangalia mara tatu, akavua miwani.

"Huyu amezaa lini?"

"Hajazaa, mama. Si wa kweli."

"Basi mbona anatembea kama anaumwa kiwele?"

Akanipeleka zizini nirekodi ng'ombe halisi. Ng'ombe wake alikuwa amelala, anacheua, hana mpango wa kuinuka. Tulimsukuma. Tulimwonyesha majani ya nepia. Mama alimsemesha Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, kwa ile sauti ambayo utotoni ilitosha kunitoa chini ya kitanda. Ng'ombe akafumba macho.

"Washa hiyo kamera," mama akasema.

Akakaza kanga kiunoni, akainama mpaka viganja vikagusa ardhi, akaanza kutembea na gambuti zake kuelekea tangi la maji.

"Kwanza bega," alisema huku akihema. "Uzito unaingia begani, ndio mguu unafuata. Kichwa kinashuka, kinapanda. Hana haraka. Haraka ya kwenda wapi?"

Alipofika tangini akageuka na kunitazama juu ya bega kwa dharau ambayo sijawahi kuiona kwa binadamu. Ng'ombe mwenyewe aliacha kucheua. Jirani aliyekuwa akivuna kabichi kwenye tuta la chini akasimama.

"Mama, uko salama?"

"Niko kazini," mama akajibu bila kuinuka.

Nilimpa ng'ombe wangu mwendo ule hatua kwa hatua, pamoja na kile kitendo cha kugeuka. Mwongozaji alipomwona aliniuliza nimemkodi wapi, na kama itambidi yeye alipie zulia tena.

Siku kipindi kilipoonyeshwa kwenye televisheni, sebule ya mama ilijaa majirani. Ng'ombe akaingia kwa mjane, bega kwanza, akala barua, akageuka, akatutazama juu ya bega. Yule jirani wa kabichi akamtazama ng'ombe, akamtazama mama, akaziba mdomo kwa leso.

"Mimi sitembei hivyo," mama akasema, na akaenda jikoni kuleta chai. Wote tulitazama sakafu mpaka akapita.

Hakununa sana. Jumapili iliyofuata aliwaeleza watu kanisani kwamba ametokea kwenye televisheni, ingawa hakusema katika sehemu gani. Kisha mwongozaji akanipigia tena: sasa anataka nyani wa kuiba mkate mezani. Nikampigia mama kumtaarifu, nikiwa na swali nililoona aibu kuliuliza. Hakuningoja.

"Nyani mimi sifanyi," akasema. "Mwulize baba yako."

Kumbe simu ilikuwa kwenye spika, maana nikasikia gazeti likikunjwa na sauti ya baba ikiuliza taratibu, "Aniulize nini?"