Njia Iliyopimwa kwa Mguu wa Nusu

Siku hizi katika bustani ya mkoa unaweza kuyasikia maji. Zamani hukuyasikia. Ungeshuka kutoka mjini, ukapita lango la chini, ukafuata njia ya matembezi kando ya mfereji, na kabla hujaona bata wala benchi ungeisikia sauti ya Mzee Honi ikitoka uani kwake, ikigombana na fundi bomba, na jirani, na redio. Nyumba yake ndiyo pekee iliyopakana na bustani. Ukuta wa ua ulikuwa na mlango mdogo wa bati uliofungukia moja kwa moja njiani. Sasa mlango ule una kufuli, na maji yanasikika yakipita chini ya kalavati, polepole, kama mtu anayesimulia jambo kwa sauti ya chini.

Alikuwa nyapara. Yeye ndiye aliyesimamia vibarua wakati ukingo wa mfereji ulipogeuzwa kutoka jalala kuwa bustani. Jina la Honi alipewa na vibarua haohao, naye akalipenda, akawa anaitika. Sauti yake iliwafikia walioko ng'ambo ya maji, na mdomo wake haukumwacha mtu. Hata mkewe, siku za uhai wake, alijifunza kucheka kabla wageni hawajaanza kumcheka.

Kati ya vibarua alikuwepo kijana mwenye mguu mmoja mfupi. Honi alimwita Nusu siku ya kwanza, kabla hajamuuliza jina, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena.

Wakuu walitaka njia rahisi, ambayo mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye fimbo wangepita bila kuhema. Pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, ilikuwepo, imelazwa ndani ya sanduku la vifaa, lakini Honi alisema kile ni chombo cha mafundi waoga.

"Pima maji yangu hii hapa," alisema, akimshika Nusu bega.

Kila kipande cha njia kilipokamilika, Nusu aliamriwa kukipita akisukuma toroli lililojaa kokoto, wenzake wamejipanga pembeni. Pale alipoyumba, palichimbwa. Pale alipoanguka, palichimbwa zaidi. Honi alimfuata nyuma akichechemea kama yeye, mdomo ameupinda, na watu walivunjika mbavu. Hata waliomhurumia walicheka, maana asiyecheka ndiye angefuata.

"Tembea, Nusu! Mbona unayumba kama meza ya hotelini?"

"Nyapara, mguu..."

"Mguu umefanyaje? Umeusahau nyumbani?"

Njia ikawa rahisi kweli. Mfereji mzima ulifuatwa na njia laini kama mkeka, iliyosawazishwa kwa maanguko ya mtu mmoja. Palibaki mahali pamoja tu, juu ya kalavati, ambapo udongo ulikuwa umeinuka kama mgongo wa ng'ombe. Hapo toroli lilimponyoka Nusu likazama mferejini. Ilikuwa saa ya chakula. Honi alimwamuru ashuke akalitoe peke yake, maji yakamfika kifuani, na wenzake wakatafuna huku wakitazama. Alipanda na toroli, na goti la mguu mzima limechanwa na chuma hadi nyama nyeupe ikaonekana. Sasa alichechemea pande zote mbili.

"Basi nenda nyumbani," Honi alimwambia. "Pima maji ikivunjika hutupwa."

Kibarua mmoja aliuliza kuhusu ule mgongo juu ya kalavati, sasa nani ataupima? Siku ya ufunguzi ilikuwa imekaribia.

"Paacheni. Watazoea."

Kibao kikasimikwa langoni: Njia rahisi, inafaa kwa wote.

Miaka ikapita. Honi akastaafu, akafiwa na mke, akabaki na nyumba yake na mlango wake wa bati. Nusu naye akarudi. Msimamizi mpya wa bustani, asiyejua ya nyuma, alimwajiri kuendesha kigari cha umeme kinachozoa takataka na kuwabeba watembezi waliochoka. Kila asubuhi alipita mbele ya mlango wa bati, na kila asubuhi Honi alikuwa amesimama pale, kikombe mkononi.

"Nusu! Una magurudumu manne na bado unachechemea?"

"Shikamoo, mzee," Nusu alijibu, akapita. Hakuwahi kujibu zaidi ya hapo.

Kisha kiharusi kikampiga Honi, akiwa uani, katikati ya tusi. Kilichukua mkono na mguu wa kulia, na kilichukua maneno yote. Kilimwachia mlio mmoja tu, kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Mwanawe mkubwa, mwenye duka la dawa mjini, alikuja na gari akakaa sebuleni bila kuvua koti. Alipokuwa mtoto alikuwa na kigugumizi, na baba yake alikuwa akimwigiza mezani mbele ya wageni. Sasa alizungumza taratibu, neno baada ya neno, na hakuna aliyemkatiza.

"Baba, huwezi kukaa peke yako. Shangazi ana chumba uani kwake. Utahamia huko, nyumba hii tutaipangisha."

Honi aliipiga meza kwa mkono wa kushoto, kikombe kikaruka. Alielekeza kidole sakafuni. Hapa. Hapa.

"Kaka, mpe nafasi," alisema binti, kitinda mimba, aliyekuwa akimlisha na kumwogesha baba tangu atoke hospitali. "Daktari kasema atembee. Akiweza kwenda mwenyewe, je?"

"Kwenda wapi?"

"Hadi darajani."

Kaka mtu alitazama dirishani. Daraja la miguu lilionekana kwa mbali, mahali njia inapopinda.

"Haya. Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kwa miguu yake, na fimbo ruhusa, lakini bila kushikwa na mtu. Akinifikia pale, anabaki na silizungumzi tena. Akishikwa, anahama siku hiyohiyo."

Honi alifanya mazoezi. Watembezi walimwona kila siku na fimbo yake, mguu wa kulia ukiburuta changarawe, binti akifuata nyuma mikono imefungwa mgongoni ili isije ikamdaka kwa mazoea. Njia ilimpokea vizuri. Ilikuwa tambarare kila mahali isipokuwa juu ya kalavati. Pale alianguka. Kesho yake akaanguka tena, uso ukapiga kokoto.

"Lakini baba," binti alisema akimpangusa damu kwenye nyusi, "ni nani aliyepatengeneza hapa vibaya namna hii?"

Mzee aliangalia chini.

Alijifunza kuupanda mgongo ule kwa ubavu, kama kaa, mguu mzima ukitangulia na ule mwingine ukivutwa. Siku alipoupita mara ya kwanza alilia kwa furaha, na mlio wake ukawarusha bata majini.

Kitu kimoja tu kilimtia binti wasiwasi. Kigari cha umeme hakina kelele, na kila kilipotokea nyuma ya baba, baba alishtuka na fimbo ikateleza. Basi Jumamosi alimfuata dereva, aliyekuwa akimwaga mapipa karibu na lango.

"Kaka, samahani. Nina ombi. Kesho baba yangu anatembea hadi darajani. Naomba usipite karibu naye."

"Mzee Honi?"

"Ndiyo. Kaka yangu atakuwa anamngoja. Akifika mwenyewe anabaki nyumbani kwake. Akishikwa na mtu yeyote, anahamishwa."

Nusu aliliweka pipa chini. Alimtazama binti kwa muda, kama mtu anayesikiliza bei na hataki kuonyesha kwamba anaitaka bidhaa.

"Yeyote?"

"Yeyote yule."

"Usijali, dada. Nitamwangalia mimi mwenyewe."

Jumapili ilikuwa na jua na watu wengi. Binti alimfunga baba kamba za viatu, akamfungulia mlango wa bati, akatangulia darajani kusimama na kaka yake, kwa kuwa kaka alitaka hivyo, mzee awe peke yake. Honi alitoka. Alitembea. Wanawake wa kikundi cha mazoezi, waliovaa fulana za rangi moja, walimpisha na kumwamkia, naye akawaitikia kwa kichwa bila kusimama. Alifika kwenye kalavati, akageuka ubavu, akapanda, akavuta mguu, akashuka upande wa pili. Darajani binti aliziba mdomo kwa viganja. Hata kaka alitoa mikono mifukoni.

Pakabaki kipande kifupi, sawa kama sakafu.

Kigari kilikuja kutoka nyuma, kimya, kikasimama mbele yake kwa kukingama. Nusu alishuka.

"Shikamoo, mzee. Pole. Umechoka mno."

Honi alitikisa kichwa. Alitoa ule mlio wake. Alijaribu kukizunguka kigari, lakini upande mmoja ulikuwa maji na upande mwingine Nusu.

"Jamani, mzee wa watu anatetemeka," alisema mwanamke mmoja wa fulana.

"Wazee wana aibu," mwenzake akajibu. "Mbebe tu, kijana."

Honi aliinua fimbo akampiga Nusu begani. Akampiga tena. Watu wakaguna kwa huruma, maskini, akili imeshamtoka. Nusu hakujikinga. Aliipokea fimbo kwa heshima, akailaza kwenye kigari, akapitisha mkono mmoja mgongoni kwa mzee na mwingine chini ya magoti, akamnyanyua kama anavyonyanyuliwa bibi harusi. Alikuwa mwepesi.

"Taratibu, nyapara," alimwambia sikioni. "Watu wasije wakacheka."

"Wema hauozi!" alipaza sauti yule mwanamke, na wengine wakapiga makofi.

Binti alikuja akikimbia, akipiga kelele amweke chini, amweke chini. Alipofika, baba yake alikuwa ameshakalishwa, blanketi la kigari limefunika mapaja, mikunjo imenyooshwa.

"Nilikuomba!" alisema. "Nilikuambia kila kitu!"

"Mzee alikuwa anaanguka, dada. Ningemwacha?"

"Hakuwa anaanguka!"

"Waulize hawa."

Wanawake wa fulana walitikisa vichwa. Alikuwa anaanguka, walisema, tulimwona wenyewe.

Kaka alifika kwa mwendo wa kawaida. Alimtazama baba yake, mate yanamtiririka kwenye kidevu, mdomo unafunguka na kufungika bila neno. Akangoja, kana kwamba anampa muda wa kumalizia sentensi. Kisha akamgeukia dereva.

"Asante sana, ndugu yangu. Tusaidie basi umfikishe kwenye gari."

Mzee Honi sasa yuko kwa dada yake, ng'ambo ya pili ya mji, katika chumba cha uani nyuma ya tangi la maji. Kitanda chake kinatazama ukuta, na kizingiti cha mlango kimeinuka, kwa hiyo hatoki.