Mluzi wa Kunyweshea Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alishuka kutoka milima ya Masisi hadi kwetu mjini juu ya lori la viazi, mkono mmoja umeshika kiuno na mwingine umeshika fimbo yake ya kuchungia. Ilikuwa kiangazi, miaka ile ya Zaire ambapo kila mtu aliitwa sitwayen, yaani raia, hata mwenye kuku wawili. Figo zilimuuma, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa motoni. Tukampeleka dispanseri. Muuguzi, kijana mwenye suti ya abakosti iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, akatoa hukumu.

"Sitwayen, ukunywe maji. Mingi, kila siku, asubui mpaka mangaribi. Mukojo ikishakuwa mweupe, njo utarudia kwako."

"Maji?" Baba mkwe alinigeukia mimi, kana kwamba ndimi niliyemfundisha yule kijana maneno hayo. "Maji iko ya ngombe na ya kunawa mikono. Mutu anakunywaka maziwa."

Hakuwa anatania. Kwao, mfugaji akionekana na kikombe cha maji, watu wanajua ng'ombe wake wamekauka, na majirani wanaanza kumhurumia. Lakini huko milimani alikuwa ameacha ng'ombe wake kipenzi, mwenye paji jeupe, karibu kuzaa, na aliapa kwamba hatazaa yeye hayupo. Bila maji hakuna mkojo mweupe, na bila mkojo mweupe hakuna Masisi. Mume wangu, ambaye kazini alikuwa na sauti kubwa, alimtazama baba yake, akatazama viatu vyake, akaniachia mimi mambo hayo na kusema anakwenda salongo, ile kazi ya umma ya kila Jumamosi. Wala haikuwa Jumamosi.

Mkamwana amwamuru baba mkwe anywe! Afadhali wangenituma kuhamisha volkano. Tena mkamwana mwenyewe ni mimi, mtoto wa mtaa wa Mapendo nisiyejua hata kukama, ambaye ukoo mzima wa mume wangu uliniita "yule wa mjini." Mzee akizidiwa mikononi mwangu, nilijua watakachosema.

Kila asubuhi nilichemsha maji, nikayapoza, nikayaweka karibu na dirisha alipopenda kukaa, nikapiga goti. "Papa, karibu maji."

"Aksanti, mama."

Nikirudi, kikombe kitupu. Nilijigamba kwa majirani kwamba mzee wangu anakunywa vizuri kuliko wazee wao wote. Mkojo, hata hivyo, ulibaki chai. Kisha siku moja nilitoka kufua nyuma ya nyumba, nikatazama maracuja yangu, ile pasheni iliyotambaa chini ya dirisha lake. Za mtaa mzima zilikuwa zimesinyaa kwa jua. Yangu ilikuwa kijani kibichi, imenenepa, imepanda paa na kuanza kuvamia kwa jirani. Mawe yetu ya volkano hufyonza chochote unachomwaga bila kuacha hata alama, ndiyo maana sikuwa nimeona kitu. Na maji hayo niliyabeba kichwani kutoka ziwani! Kwa hasira nilifua shuka lile lile mara mbili.

Nikajaribu kumtilia maji katika chombo chake cha maziwa. Alinusa, akakirudisha kwa adabu.

"Mama, hii ngombe ilikufa lini?"

Jioni moja kundi la ng'ombe wa kuuzwa lilipita barabarani likipelekwa ziwani kunywa. Baba mkwe akainuka na kiuno chake kibovu, akalifuata. Nami nikamfuata yeye. Ufukweni ng'ombe walikuwa wamechoka, wanayatazama maji tu. Akapiga mluzi mrefu, laini, unaoshuka polepole. Vichwa vyote vikainama pamoja, wakanywa mpaka mbavu zikavimba. Nilirudi nyumbani na wazo la kipumbavu, na nililipenda sana.

Asubuhi niliweka kikombe, nikapiga goti, nikapiga mluzi.

Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Kumpigia baba mkwe, tena mluzi wa kunyweshea ng'ombe, hilo ni jambo la kuitia kikao cha ukoo. Mume wangu, aliyekuwa anatafuta soksi, aliacha kutafuta. Mzee alinikazia macho.

"Weye," akasema, "unapiga mubaya. Ngombe ingekimbia."

"Papa, unisamehe."

"Nisamehe nini? Legeza mudomo. Sikia."

Akapiga. Akatazama huku na huku, hakuna aliyekunywa. Jambo hilo lilimkera. Akanisukumia kikombe. "Kunywa, nikuonyeshe." Akapiga tena, nikanywa. "Sasa piga weye." Nikapiga. Na kwa kuwa mluzi hauwezi kujaribiwa bila wa kunywa, alishika kikombe, akafumba macho, akakimaliza.

"Bado," akasema. "Tena."

Basi tukawa tunanyweshana kuanzia asubuhi. Majirani walidhani tumenunua kasuku. Njia ya choo niliijua hata macho yakiwa yamefumbwa. Mwishowe mkojo ukawa mweupe, naye akautia katika chupa ya limonade na kumwonyesha kila aliyepita, akitaka nami nisimame hapo nionyeshwe pamoja nayo. Nilikataa. Akapanda lori, na habari zikatufikia kwamba ng'ombe alimsubiri.

Mvua zilipoanza tulikwenda kumwona ndama. Nilipanda mlima wa Masisi na kikapu kichwani, moyo mzito, maana ukoo wote ulikuwa umekusanyika penye chemchemi kumtazama yule wa mjini. Baba mkwe akawapigia ng'ombe mluzi. Wakainama. Kabla sijafikiri, kikapu kilikuwa chini, nami nimeinama kando yao, nakunywa kwa viganja.

Wakacheka wote, mume wangu kuwashinda. Nilitaka ardhi inimeze.

"Muache akunywe," baba mkwe akasema. "Uyu iko wa kwetu."

Akamsogeza ndama pembeni kidogo, nipate nafasi.