Mstari wa Penseli Katika Birika la Sabaki

Simu ilinikuta Kitale, nikiwa juu ya jukwaa la ujenzi, mikono imejaa saruji.

"Barasa, bado unajua kujenga kitu kisichovuja?"

Sauti niliitambua kabla hajajitaja. Alikuwa Katana, tuliyepanga naye vyumba jirani Kisumu Ndogo, mjini Malindi, nilipokuwa fundi kijana. Sasa ni mchungaji wa kanisa dogo la Kibaptisti kule Sabaki, na alitaka nimjengee birika la ubatizo. Sikuuliza mengi. Enzi zile malaria iliniangusha, na waumini wa kanisa lake wakaniletea uji asubuhi na jioni mpaka nikasimama. Nilipopona nilihamia mji mwingine bila kumuaga mtu. Ndiyo tabia yangu, na ndiyo iliyonisumbua miaka yote.

Nilitoka Kitale Jumapili jioni. Nairobi nilibadilisha basi, Mombasa nikabadilisha tena, na kila tulipozidi kuteremka koti langu lilizidi kuwa mzigo. Baada ya daraja la Kilifi nilianza kunusa mkonge na chumvi, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mjinga.

Gede niliteremka, kwa maana Katana aliniagiza nipitie kanisa la huko. Nyuma ya jengo nilikuta akina mama wakipukuchua mahindi ya shamba wanalolima pamoja kwa ajili ya wajane na wagonjwa.

"Wewe ndiye fundi?" aliuliza mmoja.

"Ndimi."

"Basi Sabaki hufiki mikono mitupu." Wakanitwika gunia.

Sabaki nilifika mchana. Katana alinionyesha mahali, ndani ya kanisa, kando ya ukuta, kisha akanieleza shida yake. Wabaptisti hawanyunyizi maji. Mwumini huzamishwa mwili mzima, asibaki hata unywele nje. Zamani walibatiza mtoni, wanaume wakipiga maji kwa fito kufukuza mamba. Siku hizi mamba wamezoea fito.

Aliyengojewa na birika hilo alikuwa bibi mmoja wa Kigiriama, Hawe Kadzo. Hawe ni nyanya kwa lugha yao, na kijiji kizima kilimwita hivyo. Nyonga yake ilikuwa imeharibika. Baada ya wiki tatu, siku ya Jumatatu, mwanawe angekuja kumpeleka Mombasa kupasuliwa, naye aliapa hataingia chumba cha upasuaji kabla ya kubatizwa. Alikuja kila asubuhi na mkongojo wake, akaketi juu ya jiwe la matumbawe lililobaki kwenye msingi, na kunisimamia.

"Fundi, limefika wapi?"

"Kiunoni, Hawe."

"Kiuno cha nani? Wewe mrefu kama mnazi."

Wiki mbili nilijenga, nikapiga plasta na kuacha ikauke vizuri. Jumanne ya wiki ya mwisho tulilijaza kwa maji ya bomba, likasimama bila kuvuja tone. Jumatano bomba la kijiji likakauka.

Ijumaa asubuhi Bi Mwanaisha, jirani Mwislamu anayepika mahamri ng'ambo ya njia, alikuja na mtungi. Nyuma yake walikuwepo akina mama wengine wengi. Shemasi Otieno, mtunza ufunguo wa kanisa, alisimama mlangoni.

"Bi Mwanaisha, haya ni maji ya Jumapili."

"Na mamba wa mtoni ni wa kila siku, mwanangu."

Otieno akamtazama Katana, Katana akamtazama Hawe Kadzo juu ya jiwe lake.

"Maji yanamngoja nani?" aliuliza bibi.

"Wewe, Hawe."

"Basi mwenyewe nimesema. Wateke."

Nilichukua penseli yangu. Nilihesabu kina kinachotosha kumfunika bibi mwembamba akilazwa chali, nikachora mstari ukutani, ndani ya birika. Mpaka hapo, basi.

Jumamosi adhuhuri maji yalishuka mpaka kwenye mstari, na Otieno akafunga mlango. Hazikupita dakika kumi, Bi Mwanaisha akarudi. Binti yake alikuwa amejifungua, na nyumbani hamkuwa na maji ya kumwogesha mama wala mtoto.

"Mtoto kazaliwa leo," akasema Hawe Kadzo. "Mimi nimezaliwa zamani. Fungua, Shemasi."

Mitungi mitano ikatekwa, maji yakashuka chini ya mstari.

Jumapili, baada ya nyimbo, Katana alimshusha bibi birikani, akamketisha, akamlaza. Pua na paji la uso vilibaki nje. Akamlaza tena, vivyo hivyo.

"Nimelowa tu," akasema Hawe Kadzo, maji yakimchuruzika. "Sijazama."

Hakuna aliyecheka. Aliushika ukingo, akangoja. Nililibeba lile jiwe lake nikaliingiza birikani. Maji yakapanda kidogo sana.

"Kila kinachoingia kinayapandisha," nikasema. "Lakini mawe yamekwisha."

Otieno alivua viatu, akaweka simu na ufunguo juu ya benchi, akaingia na suruali yake ya Jumapili, akaketi pembeni.

"Leo kitambi chako kina kazi, Shemasi," alisema Hawe Kadzo.

Wakaingia wanakwaya wawili, wakajikunja kwenye pembe. Bado maji yalipungua unene wa kidole. Bi Mwanaisha alikuwa dirishani, amekuja kushukuru.

"Fundi," akaniita, "na mwili wote huo, wangoja nini?"

Sikuwa nimeingia kanisani kwa miaka mingi isipokuwa kujenga. Niliingia na viatu. Maji yalinifika tumboni nilipoketi, na mstari wangu wa penseli ukapotea chini yake. Katana alitamka maneno, akamlaza bibi taratibu. Nikaona pua ikizama, maji yakafunga juu yake. Aliinuka akikohoa, akatutazama sote tulivyobanana mle ndani.

"Sasa nipelekeni Mombasa," akasema.

Jumatatu mwanawe alikuja na gari, akakubali kunipa nafasi mpaka Mombasa. Kabla ya kupanda niliingia kulitazama birika. Hesabu yangu ya Ijumaa haikuwa na kosa, ila nilimhesabu bibi peke yake, sisi wengine nikatuweka nje kama watazamaji. Otieno aliniuliza kama afute ule mstari. Nikamwambia auache.

Kisha nikapita nyumba kwa nyumba nikiaga, jambo ambalo Kisumu Ndogo sikulifanya. Bi Mwanaisha alinifungia mahamri kwenye gazeti.

"Utarudi?"

"Sidhani, Bi Mwanaisha."

"Basi uyale yangali moto," akasema, na kunisindikiza mpaka garini.