Kidonge Walichokiita Picha

Sikuzani binti Pazi, mjukuu wa Tatu, mkunga aliyezalisha nusu ya Kisarawe, binti wa Pazi mchimba dawa, naye mwenyewe ametibu watu mpaka Mlandizi. Ni shoga yangu tangu darasa la pili, na sipendi kabisa kumsikia akiitwa "yule bibi wa mizizi".

Mjukuu wake, Hussen, alimeza kidonge huko Misugusugu, akawa anapigana na ukuta, mwili unawaka moto. Rafiki yake Salehe akamkimbiza hospitali, akamwambia daktari, "Amekula Picha." Daktari akamtibu kama aliyekula Picha anayoijua yeye, ile wanayomeza vijana wa Sofu. Hussen akafa kesho yake.

Sikuzani alipomwendea, daktari hakujificha. "Bibi, kila kidonge kina jina refu la kikemia, kifupi chake cha herufi na namba, halafu jina la mtaani. Namba moja ikibadilika, hiyo ni sumu nyingine. Na wauzaji wanakipa jina lolote lenye soko."

"Sasa wewe mwanangu, ulitibu jina au ulitibu mtu?"



Matanga yalipoanuliwa, Salehe akaja na kidonge kilichobaki, amekifunga kwenye nailoni. "Shikamoo bibi."

Sikuzani hakuitikia. Alikichukua, akamkabidhi Raudha, dada wa Hussen.

"Mpelekee daktari akakipime, kabla hakijaua mwingine. Mimi nikimtuma mtu porini nampa jani mkononi, maana mti huohuo Kisarawe unaitwa hivi na Kwala vile. Hilo jina la Picha usimtajie. Na huyu Salehe uende naye, akaonyeshe walikonunua."