Theluthi ya Watoto Thelathini na Sita

Tope la jaruba lina harufu yake, na mtu aliyelelewa maeneo ya Kisesa haisahau hata akihamia mjini. Ni harufu ya majani yaliyooza, ya samadi ya ng'ombe waliopita kunywa, na ya miche ya mpunga iliyong'olewa ikingoja kupandikizwa. Msimu huo ukifika, nyumba nzima ilihamia bondeni. Tuliinama mstari mmoja, mama akitangulia, maji yakitufika magotini, tukichomeka miche huku tukiimba na kuwasema waliochelewa. Jua likizidi ukali tulijitosa kwenye lambo la mifugo, nguo na yote, tukatoka tumechafuka kuliko tulivyoingia. Nilikuwa na miaka kumi, darasa la nne, na nilipenda kila kitu cha bonde lile, hata ruba. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba maji yale yangeweza kunidhuru.

Ni katika msimu huo nilipoona damu. Ilikuwa asubuhi, kabla ya shule, mwishoni mwa haja ndogo: matone machache, na uchungu kama wa pilipili. Niliogopa, kwa sababu nilidhani najua ni kitu gani. Mwaka uliotangulia dada yangu Milembe, aliyekuwa darasa la sita, alivunja ungo. Mimi sikuelezwa chochote. Nilichokiona ni kwamba siku moja dada alionekana na damu kwenye nguo, mama na Shangazi Kwandu wakaingia naye ndani wakinong'ona, na kabla mpunga haujavunwa ng'ombe wa watu wa Magu wakaingia zizini kwetu, naye dada akatoka. Daftari lake la Jiografia, lililoandikwa nusu, nilirithi mimi. Kurasa zilizobaki nilizijaza hesabu. Kwa akili yangu ya miaka kumi mambo yalifuatana hivyo: damu, minong'ono, ng'ombe, halafu mtoto haonekani tena shuleni. Na mimi shule nilikuwa naipenda kuliko wali.

Basi nikaficha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikujua kuwa ni maradhi. Nilidhani naficha utu uzima. Niliacha kunywa maji ili nisiende haja, jambo ambalo liliongeza uchungu badala ya kuupunguza. Nilijifunza kukaa dawatini kwa upande. Nilifua sketi yangu ya shule peke yangu, nyuma ya nyumba, na kwa muda wa wiki kadhaa nilijiona mjanja sana. Ujanja wangu uliishia Jumanne moja, Shangazi Kwandu alipopita kwetu akitoka gulioni na kunikuta na beseni.

"We Limi, mbona unafua katikati ya wiki?"

"Imeingia tope, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba." Akainama, akatazama maji ya beseni, kisha akanitazama mimi kuanzia miguuni hadi kichwani kama mtu anayepima kitenge. "Haya, mwanangu. Jumamosi nitakuja niongee na mama yako."

Niseme ukweli, shangazi alikuwa mwanamke mwema, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mtu mbaya unaweza kumkimbia. Yeye alimwoza Milembe kwa upendo mtupu, akalia siku ya kumsindikiza, akamfungia mchele mzuri wa kwenda nao. Baba alikuwa mtu wa mifugo; mambo ya watoto wa kike aliyaacha mikononi mwa dada yake, na shangazi akishaamua, kwetu ndiyo imekwisha. Nilianza kuhesabu siku. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

Sasa nieleze habari za Mwalimu Magesa. Alitoka upande wa Mara, kwa watu wa ziwani, mwembamba, mwenye suruali moja ya kahawia aliyoipiga pasi hadi ikang'aa. Alitufundisha Hisabati, na mwalimu mwingine akikosekana alitufundisha chochote kile. Shida yake, kama wazazi walivyopenda kusema, ni kwamba masomo yake hayakuwa na uzio. Ukienda kujifunza kuzidisha, unarudi nyumbani unahoji kwa nini choo hakina mfuniko. Sentensi zake za Kiswahili zilikuwa na sabuni ndani yake, na somo la vipimo tulilifanyia kwenye korongo nyuma ya shule, tukipima udongo ulioondoka na mvua. Jirani yetu mmoja aliwahi kulalamika kwamba amempeleka mtoto kusoma, amerudishiwa bwana afya. Sisi tulimcheka mwalimu na kumwigiza sauti, kwa sababu alichanganya l na r akikasirika, kana kwamba sisi Wasukuma tulikuwa na haki ya kumcheka mtu kwa hilo.

Alhamisi ile tulikuwa kwenye sehemu. Akaandika ubaoni, herufi kubwa: Watoto thelathini na sita walipimwa zahanati. Theluthi yao walikutwa na kichocho. Je, ni wangapi? Masanja, aliyekuwa bingwa wetu, akajibu bila kuandika: kumi na wawili. Mwalimu akasema vema, kisha badala ya kufuta akaiweka chaki chini.

"Hao kumi na wawili," akauliza, "walijuaje kwamba wanaumwa?"

Akatuambia mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kusoma hesabu. Walikuwa wakioga malamboni na kushinda kwenye majaruba, kuna konokono humo, na vijidudu kutoka kwa konokono huingia mwilini kupitia ngozi. Baadaye mtu hukojoa damu, hasa mwishoni, na husikia uchungu. Masanja akanyoosha kidole akasema hapana, mwalimu, huko ni kukua, kaka yake alimwambia kila mwanamume hupitia. Darasa likacheka. "Hakuna anayekua kwa kukojoa damu," mwalimu akasema. "Awe mvulana, awe msichana. Huo ni ugonjwa, na dawa yake ipo."

Awe msichana. Maneno hayo mawili yaliniingia kama uji wa moto. Sijawahi, kabla wala baada ya siku ile, kufurahi kiasi kile kwa kuambiwa ninaumwa. Lakini furaha ya mtoto haiaminiki mpaka ihakikishwe, nami nikanyoosha kidole kabla sijajizuia.

"Mwalimu, wale kumi na wawili, waliokuwa wasichana, waliozwa?"

Wenzangu walicheka hadi wengine wakagonga madawati. Mwalimu Magesa hakucheka. Alinitazama kidogo, akaokota chaki.

"Hawakuozwa. Walikunywa dawa, Jumatatu wakarudi shule, tukaendelea na hesabu za sehemu."

Nilikimbia njia nzima kurudi nyumbani. Nilimkuta mama anapepeta mchele, nikamwambia yote kwa pumzi moja, kuanzia damu hadi Masanja. Mama aliweka ungo chini. Aliuliza mara mbili nimeanza lini, akafunika uso kwa kanga, na nilipodhani ananikasirikia, kumbe alikuwa analia. Ijumaa alfajiri tulikuwa zahanati. Muuguzi alinisimamisha kwenye mti wenye alama kupima urefu wangu, maana idadi ya vidonge ilifuata kimo, akanipa vidonge vikubwa vichungu nilivyovimeza baada ya ugali. Kichwa kilizunguka, tumbo likasokota, nami nilikuwa natabasamu.

Jumamosi shangazi alifika, kama alivyoahidi. Nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka nikisikiliza. Mama alimweleza. Shangazi akapiga makofi, akacheka, akasema, "Kumbe kichocho! Na mimi nilishaanza kuwafikiria watu." Alisema bila kuficha, maana kwake halikuwa jambo la kuficha. Mama hakucheka. Alimwambia, "Wifi, huyu ameuliza habari ya kurudi shule kabla hajauliza habari ya kupona. Mwache asome." Nilipovunja ungo kweli, miaka mitatu baadaye, maneno hayo yalikuwa bado yanasimama, na shangazi mwenyewe ndiye aliyeninunulia sare ya sekondari.

Leo ninafundisha Mkolani. Wanafunzi wangu hupewa vidonge vya kichocho shuleni, wakakunja nyuso na kulalamikia uchungu, na wasichana wanaelezwa mambo ambayo sisi tuliyakisia kwa hofu. Kila ninapoandaa somo natakiwa kuonyesha suala mtambuka nitakalogusa, yaani jambo la nje ya somo lenyewe, kama afya au mazingira. Wenzangu wengi huandika "usafi" siku zote, wakafunga daftari, na nikichoka nami nafanya hivyo hivyo. Likizo iliyopita nilimtembelea Mwalimu Magesa, mstaafu sasa, anayefuga kuku pembeni ya barabara. Nikamuuliza wale watoto thelathini na sita walikuwa wa shule gani, maana nimeishi nao maisha yangu yote.

"Hawakuwepo," akasema. "Niliwatunga." Mwalimu wa kike alikuwa amemwambia kwamba kuna damu imeonekana kwenye choo cha wasichana wadogo, mara kadhaa. Hakujua ni ya nani. Angewauliza mmoja mmoja wangekana wote, kwa aibu. Basi akaiweka habari hiyo kwenye hesabu, anayehusika ajichukulie mwenyewe. Niliponyoosha kidole ndipo akanijua.

"Na Jumatatu?" nikamuuliza. "Uliitoa wapi Jumatatu?"

"Nilipiga hesabu pale pale. Alhamisi umwambie mama, Ijumaa zahanati, siku mbili za kizunguzungu." Akamrushia kuku mtama. "Jumatatu niliita majina taratibu kidogo. Nilipofika lako, uliitika kwa sauti hadi darasa la pili wakasikia."