Maji ya Kunawia Juu ya Ua la Mama

Mimi nina kinyaa. Nikimwona mtu anapiga mswaki na kutema uani, hamu ya kula inanitoka mpaka jioni. Aliyenilea hivyo ni mama. Nyumba yake hapa Bondeni ilifagiliwa ndani, ikafagiliwa uani, kisha ufagio ukatoka nje ya uzio ukaendelea kwenye njia ya watu.

Barazani alikuwa na ua moja tu. Jina lake hakulijua, aliliita lile la mistari, kwa kuwa majani yake membamba yana mstari mweupe katikati. Lilikaa kwenye sufuria iliyotoboka, juu ya kigoda, pembeni ya mlango ambapo jua kali halifiki. Udongo aliuchanganya na pumba za mpunga zilizooza ili maji yasituame. Kabla ya kumwagilia alichomeka kidole, na kikitoka na unyevu aliacha. Ua lenyewe linatoa vikonyo virefu vyenye vitoto nchani, kila kitoto na vijimizizi vyake, tayari kwa kupandwa. Majirani waliviomba. Mama alivikata akavitupa. "Mtaviua bure," alisema.

Wiki zake za mwisho hospitalini, kila nilipofika na uji aliuliza kitu kimoja: "Umemwagilia lile la mistari?" Mimi niliyekuwa nalala sakafuni chini ya kitanda chake hakuniuliza kama nimekula. Siku moja alinishika mkono akaniambia nisiliache life. Nikamwahidi.

Msiba wa kwetu ni wa kula. Ng'ombe alichinjwa, mchele ukapikwa kwa magunia, watu wakalala siku nne. Siku ya tatu nilitoka barazani nikamkuta mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja aliyekuja kutoka Ipinda, ameinamia lile ua na jagi mkononi. Ananawa. Mafuta ya nyama yanachuruzika kwenye majani, punje za wali zinanasa katikati ya shina. Kisha akasukutua kinywa, akatema humohumo. Nyuma yake wanawake watatu, vidole vinang'aa kwa mchuzi, walikuwa wanasubiri zamu yao.

"Mnafanya nini?" niliuliza.

"Tunamnyweshea marehemu ua lake," mama mdogo alisema. "Tangu juzi, kila anayekula hapa ananawa hapa. Alilipenda mno."

Tangu juzi! Msiba mzima! Nikamwambia mbele ya watu kwamba ni mchafu, na kwamba dada yake aliujua uchafu wake, ndiyo maana hakuwahi kumpa hata kitoto kimoja. Mtoto kumwambia mama yake mdogo maneno yale, matanga hayajaanuliwa! Alikaza kanga kiunoni akaingia ndani, na siku ya kuondoka hakuniaga.

Watu walipotawanyika nililing'oa ua. Harufu iliyotoka kwenye ile sufuria sitaki kuikumbuka na ninaikumbuka. Udongo ulikuwa umefunikwa na utando wa mafuta yaliyoganda. Mlikuwa na vijiti vya meno, kipande cha utumbo, na funza weupe waliokuwa wameshiba kuliko wafiwa. Lakini mizizi ilikuwa mizima. Nakiri hilo sasa. Ile minene, myeupe, ilikuwa migumu mkononi, ni ncha chache tu zilizolainika. Mama angezikata, akabadilisha udongo, basi.

Mimi nilichukua beseni, sabuni ya unga, na dawa ya klorini iliyobaki tuliposafisha choo baada ya mafuriko. Nikaisugua mizizi kwa brashi. Nikanusa, nikasugua tena, kisha nikalipanda upya. Baada ya siku tano majani yalikuwa makavu, nikayavuta yakachomoka.

Majirani waliouliza niliwaambia waombolezaji wameliua. Nilisema hivyo miezi mitano, mpaka mmoja wao aliyetoka Ipinda aliponiambia kwamba kwa mama mdogo ameona ua kama lile la mama. Kesho yake nikaenda.

"Mugonile, mama," nilimsalimu. Aliitikia bila kuinua macho. Alikuwa anatumbua samaki, na karibu naye, chini ya kichanja cha vyombo, nililiona. Kubwa, limejaa, vikonyo vinatambaa mpaka chini. Lilipandwa kwenye poti la plastiki, lile la mtoto kujisaidia, na nzi walikuwa wanalizunguka. Alipomaliza kutumbua alichukua yale maji ya damu na magamba, akalimwagia.

"Nilikiiba," alisema. "Siku uliyoniita mchafu. Nilikata kitoto kimoja nikakifunga kwenye pindo la kanga. Dada alininyima miaka yote. La kwako linaendeleaje?"

Jibu langu la siku zote, kwamba waombolezaji wameliua, nililiacha.

"Nililiua, mama. Niliiosha mizizi kwa sabuni na dawa ya choo."

"Sabuni," alisema. Akacheka mpaka akaketi chini, akacheka na kufuta machozi kwa kanga, na sikujua machozi yale yalikuwa ya nini.

Alinipakulia wali na samaki. Nilikula vidole vikalowa mafuta. Nilipomaliza nilitafuta beseni, hapakuwa na beseni. Mama mdogo alikuwa amesimama kando ya lile poti, mkono mmoja una jagi, wa pili una kisu cha kunikatia kitoto.

Nikainuka, nikanyoosha mikono juu ya lile la mistari. Nikanawa.